Chumbageni: Historia ya Chumba cha Kupanga

Wageni wanaokuja Tanga kutazama mambo ya kale hupelekwa Tongoni kwenye magofu, au Amboni kwenye mapango, au huoneshwa kwa mbali kisiwa cha Toten kilichomo ndani ya ghuba. Na ni nadra sana mgeni wa namna hiyo kupelekwa Chumbageni, mtaa uliopakana na mji wa kati, kwa kuwa hapana la kutazamwa humo isipokuwa watu na nyumba zao. Walakini mtaa huu una fadhila moja ambayo magofu hayana, nayo ni kwamba mtu wa kipato haba, akiwa karani, kuli wa bandarini, muuguzi au mchuuzi wa samaki, aweza kufanya maskani ndani yake, akaenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli, akarudi jioni kwa jamaa zake, na asidhalilike kwa umaskini wake. Unafuu huo, kwa rai yangu, una historia na una watu walioutengeneza. Na walioutengeneza hasa, kupita serikali zote zilizoutawala mji huu, ni wenye nyumba wadogo, ambao aghalabu ni wanawake, kwa ile nyumba yao ya vyumba sita.

Haja ya chumba cha kupanga ililetwa na reli na mkonge. Mwaka 1893 Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea Usambara, nayo ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza; na mwaka huohuo wa 1893 Daktari Richard Hindorf aliingiza mbegu ya mkonge nchini, na katika miche yake ni 62 tu iliyosalimika safari ndefu ya baharini, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kwa miche hiyo mwambao wote wa kaskazini ukageuka sura. Wadigo na Wasegeju wenye pwani yao, Wabondei, Wasambaa walioshuka kutoka milimani, Wazigua, na watu wa mbali zaidi walioitwa na kazi za mashamba, stesheni na gati, wote wakahitaji pa kulala mjini; na kwa kuwa tangu mwaka 1898 palikuwa na kodi ya kibanda, mwenye nyumba naye akapata sababu ya kumkaribisha mpangaji. Mtaa wa Ngamiani nao ukapimwa kwa njia zilizonyooka, ambazo hata leo hutajwa kwa hesabu, Barabara ya Nane, Barabara ya Kumi na Mbili.

Waingereza walipoishika nchi baada ya vita, kulitokea jambo ambalo yafaa lizingatiwe. Kwao Uingereza, mwaka 1919, ilitungwa sheria ya kuzipa halmashauri za miji fedha za kujenga nyumba za kuwapangisha wafanyakazi, kwa kuwa ilionekana ni aibu kwa askari aliyerudi vitani kukosa makao ya staha. Dola hiyohiyo iliyotawala Tanga haikumjengea kuli wa Tanga nyumba. Kwa miaka mingi ilitosheka na kanuni za kubagua sehemu za mji, hapa Wazungu, hapa Wahindi wenye maduka, hapa wenyeji, na kazi ya kujenga ikaachiwa wenyeji wenyewe. Baadaye ndipo serikali ilipoanza kujenga nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika, mathalan kule Ilala ya Dar es Salaam. Kabla ya hapo makarani wa Tanga walikuwa wamekwisha kuanzisha chama chao cha watumishi wa serikali, mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba. Na makuli wa bandari waligoma mwaka 1939 kudai ujira bora. Watu hawa walikuwa na akili na ari, na walikuwa wamepanga vyumba. Hata mshairi Shaaban Robert, aliyefanya kazi katika ofisi ya upimaji wa ardhi hapa Tanga miaka ya 1950, aliandika sehemu kubwa ya kazi zake akiwa mtumishi wa mshahara mdogo katika mji huu.

Ama nyumba yenyewe, imara yake iko katika mpango wake. Mbele pana baraza mbili, kulia na kushoto kwa mlango. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi mlango wa uani, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, kila mlango na pazia lake. Zamani kuta zilikuwa za boriti na fito zilizokandikwa udongo na vijiwe, zikapakwa chokaa, na paa lilikuwa la makuti. Baadaye yakaja mabati na matofali ya saruji, lakini mpango haukubadilika. Uani ndiko kwenye jiko, choo, bafu, bomba na kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba hukaa chumba cha mbele au viwili, vilivyobaki hupangisha. Na kwa kuwa nyumba ilijengwa kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, bila mkopo wa benki, hana riba inayomsukuma kupandisha kodi kila mwaka. Hiyo ndiyo siri kubwa ya unafuu wake.

Alfajiri ukumbini pana baiskeli zimeegemezwa ukutani, na uani majiko ya mkaa manne au matano yamekwisha kuwashwa. Huyu anachoma chapati, yule anapasha mbaazi za nazi zilizolala, na mwenye zamu anafagia kwa ufagio wa chelewa akiwaamuru watoto waondoe ndoo zao. Chumba kimoja hukusanya kitanda, kabati, masanduku uvunguni na pazia la shiti linalowatenga watoto na wazazi. Sitaki kuyapamba maisha haya kupita kadiri. Choo kimoja kwa watu ishirini ni mateso, joto chini ya mabati mwezi wa Februari halisemeki, na mita moja ya umeme kwa vyumba sita imevunja urafiki mwingi, kwa sababu ya pasi ya mmoja na friji ya mwingine.

Lakini tazama mpangaji anapokwama. Mahali pengi sasa hivi mtu hutakiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye adai yake ya mwezi mmoja. Katika nyumba ya namna hii mpangaji hutoka chumbani mwake, akapiga hodi mlango wa pili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?”

“Hawajambo. Mama, mshahara umechelewa. Naomba uniwie radhi hadi tarehe tano.”

“Haya, mwanangu. Lakini fungu lako la umeme utoe leo, tusije tukalala gizani sote.”

Subira hiyo ina thamani ya fedha, ijapokuwa haiandikwi katika mkataba wowote. Mwenye nyumba humwamini mpangaji kwa kuwa amemwona akifagia uani, amemwona akibeba jeneza la jirani, na amemlea mtoto wake mchana, mama wa mtoto alipokwenda sokoni.

Yapo pia mambo mawili yaliyoiacha kodi ya Tanga chini, na mojawapo ni la kusikitisha. Mwaka 1971 serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, maghorofa mengi ya mji wa kati yaliingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, lakini nyumba ya udongo ya bibi wa Kiswahili haikufikia kiwango hicho, akabaki nayo. Jambo la pili ni kuanguka kwa mkonge. Nchi iliyotoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960 ilishuka hata kufikia tani 20,000 hivi mwishoni mwa karne, kwa kushindwa na nyuzi za plastiki na kwa mashamba kuachwa. Kiwanda cha mbolea nacho, kilichofunguliwa mwaka 1972, kikafungwa mwaka 1991. Vijana wakaenda Dar es Salaam, na vyumba vikawa vingi kuliko wapangaji. Unafuu uliozaliwa na ukosefu wa kazi si wa kujivunia.

Sasa kazi inarudi. Bandari, ambayo meli zake kubwa zilikuwa zikitia nanga katikati ya ghuba na kushusha shehena katika matishari, imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linakoma Chongoleani, ng’ambo ya ghuba. Naifurahia kheri hii kwa moyo wote. Hata hivyo, mwenye nyumba anapofariki na warithi wakiwa wengi, mnunuzi huja na fedha taslimu, wakagawana kwa mujibu wa sheria ya mirathi, na nyumba ikabomolewa ili pajengwe nyumba ya mtu mmoja yenye ukuta na geti. Familia zilizopanga humo huhamia Kange au Pongwe, ambako chumba bado chapatikana kwa bei ileile. Na mtu aliyekuwa akienda bandarini kwa miguu huanza kulipa nauli ya daladala asubuhi na jioni, siku sita katika juma.