Shamba la Shule na Swali la Mtoto

Mwalimu Nyerere alipotoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, nilikuwa bado mwanafunzi. Miaka michache baadaye tulikisoma kwa makini katika chuo cha ualimu. Huko nilijifunza pia kwamba mwaka 1918 Mmarekani William Heard Kilpatrick alikwishaandika juu ya kujifunza kwa miradi: mtoto awe na lengo lake, apange, atende, kisha apime alichokifanya. Mwalimu alikwenda mbali zaidi. Alitaka shule iwe na shamba lake, shamba hilo liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki kuamua walime nini na mapato yatumikeje.

Nikaja kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi yenye shamba la mahindi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limetaka watoto wote waandikishwe shule ifikapo 1977. Lilikuwa jambo jema, lakini madarasa yalifurika, na chaki na vitabu havikutosha. Fedha za mahindi zikawa tegemeo letu. Taratibu nikaanza kuhesabu magunia, nikasahau kupima watoto wamejifunza nini. Aliyechelewa alipewa matuta mawili. Aliyepiga kelele, matuta manne. Jembe likageuka fimbo.

Siku moja kijana wa darasa la tano aliniamkia shambani, kisha akauliza, "Mwalimu, mbona mahindi ya karibu na kichuguu yamestawi kuliko haya mengine?" Nikamwambia alime, aache maneno.

Ndugu msomaji, swali lile lilikuwa somo la sayansi na la hesabu kwa pamoja. Tungeweza kutia udongo wa kichuguu katika mstari mmoja, mwingine tukauacha, na mwisho wa msimu tukapima mavuno. Mradi ulinijia wenyewe, nami nikaufukuza. Kijana yule hakuniuliza tena.

Wapo wasemao kwamba siasa ile ilishindwa kwa sababu ya jembe. Mimi nasema jembe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwetu tulioliacha shamba liwe kazi tupu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika nchini 2024, unasisitiza tena kujifunza kwa vitendo. Kwenu walimu vijana nina ombi moja: kabla ya kuhesabu magunia, sikilizeni maswali.