Siri ya Herufi: Kitabu cha al-Buni na Maandishi ya Visiwa vya Lamu

Historia ya maandishi ya Kiswahili katika visiwa vya Lamu imezoeleka kuelezwa kama historia ya ushairi. Hutajwa Hamziya iliyofasiriwa na Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate, hutajwa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na hutajwa utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu wa mwaka 1858. Ni haki zitajwe. Hata hivyo, kalamu za matete na wino mweusi zilizoandika tenzi hizo ziliandika pia karatasi za namna nyingine: majedwali ya tarakimu, majina ya nyota, dua na talasimu. Karatasi hizo hazina jina la mtunzi, aghalabu hazina tarehe, na wataalamu wa fasihi wamezipita kama kwamba si maandishi. Makala haya yanazitazama kwa kufuata nyayo za kitabu kimoja cha Kiarabu cha zama za kati, Shams al-Maarif, kinachonasibishwa kwa Ahmad bin Ali al-Buni. Dai lake ni kwamba athari ya kitabu hicho visiwani haionekani katika tafsiri, kwa kuwa hakikuingia katika fasihi ya Kiswahili kwa njia hiyo. Yaonekana katika hesabu, katika msamiati na katika karatasi moja moja.

Al-Buni, kama nisba yake inavyoonyesha, alitoka Buna, mji wa pwani ya Algeria uitwao sasa Annaba. Aliishi Misri na kufariki huko katika karne ya 13. Mafundisho yake yalihusu elimu ya siri za herufi: kwamba herufi za Kiarabu na majina mazuri ya Mwenyezi Mungu yana nguvu zinazofungamana na tarakimu, nyota na maumbile. Vitabu vyake havikuandikwa kwa ajili ya kila msomaji. Katika karne hiyo ya 13 vilisomwa katika halaka ndogo za masufi, mwalimu akimwidhinisha mwanafunzi. Baadaye ndipo vilipoenea, hata Ibn Khaldun alipoanza kuandika Mukadima yake mwaka 1377 hakuweza kuipuuza elimu hiyo. Aliitengea sehemu yake na kumtaja al-Buni kwa jina. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, alikuwa amekwisha kumkosoa.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa hati hana budi kulikumbuka. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa karne ya 21 umeonyesha kwamba kile kitabu kikubwa kinachouzwa madukani kwa jina la Shams al-Maarif al-Kubra si kitabu alichokiandika al-Buni katika uhai wake. Ni mkusanyo uliotungwa karne kadhaa baada ya kifo chake, ukichanganya maneno yake na ya wengine. Basi hata katika nchi za Kiarabu kitabu hiki kilisafiri kwa kukatwa, kuongezwa na kuunganishwa upya. Yaliyotokea Lamu hayakuwa mageni katika historia yake.

Njia ya elimu hiyo kufika visiwani ni ile ile iliyoleta elimu nyingine za dini. Masharifu wa Hadhramaut, wakiwamo wa ukoo wa Sheikh Abu Bakr bin Salim wa Inat aliyefariki 1584, walihamia Pate na kuoa huko, nao walikuja na nyiradi, dua na vitabu. Katika karne ya 18 na ya 19 mji wa Siyu ulisifika kwa wanavyuoni na wanakili wake, na misahafu iliyoandikwa humo juu ya karatasi kutoka Ulaya ingalipo hata leo. Mji wenye wanakili wa namna hiyo haukosi mtu wa kunakili jedwali. Tena, baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, vitabu vilivyopigwa chapa Cairo na Bombay vilifika pwani kwa bei iliyowezekana. Kitabu kilichokuwa siri ya halaka kikawa bidhaa katika kasha la mfanyabiashara.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kitabu hiki, ambacho waganga wa kitabu wa pwani nzima wanakijua, hakikufasiriwa katika ushairi wa Kiswahili kama ilivyofasiriwa Hamziya. Tofauti hiyo haielezwi na umbali wala zama. Al-Busiri, mtunzi wa Hamziya, aliishi Misri katika karne ile ile ya 13. Inaelezwa na jinsi kila kitabu kifanyavyo kazi yake. Maana ya Hamziya ni sifa za Mtume, na maana yaweza kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine. Nguvu inayodaiwa na Shams al-Maarif imo katika herufi zenyewe na idadi zake. Ukiifasiri herufi, hesabu imevunjika. Kwa hiyo mwanachuoni wa Lamu aliyetaka kukitumia kitabu hakukifasiri. Alichukua kutoka humo jedwali alilolihitaji, akalinakili katika daftari lake, na pengine akaandika pembeni maelezo machache kwa Kiswahili.

Hesabu yenyewe yafaa ielezwe, kwani bila ya kuielewa karatasi hizo hubaki michoro mitupu. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani kwa mpango wa abjadi: alifu ni 1, ba ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea hadi ghaini ambayo ni 1,000. Katika elimu ya falaki, ambayo pwani hufuatwa zaidi kwa kitabu kingine kinachonasibishwa kwa Abu Mashar al-Balkhi, aliyefariki 886, mganga hujumlisha herufi za jina la mtu na za jina la mama yake, kisha hugawanya kwa 12. Kinachosalia ndicho nyota. Ali mwana wa Mariamu, kwa mfano, ni 110 na 290, jumla 400. Ukigawanya kwa 12 husalia 4, nayo nyota ya nne ni Saratani, yaani Kaa.

Jedwali lililoenea kuliko yote ni la nyumba tisa. Safu ya juu ina 4, 9 na 2. Ya kati 3, 5 na 7. Ya chini 8, 1 na 6. Kila upande, na kila mshazari, hufanya 15. Pembeni zimo 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa abjadi ni ba, dali, wau na ha; zikisomwa pamoja huwa Buduhu, neno lisilo na maana katika lugha yoyote lakini lililoandikwa kuanzia Maghrebi hadi Bahari ya Hindi. Jedwali hili ni la kale kuliko al-Buni. Imam al-Ghazali, aliyefariki 1111, alilitaja kuwa hutumika kumwepesishia uzazi mwanamke mwenye uchungu. Kwa kuwa jina la al-Ghazali liliheshimiwa katika kila darasa la Lamu, jedwali lilipata mdhamini ambaye si rahisi kumkana.

Matumizi ya maandishi haya ndiyo yaliyoyaficha mbele ya macho ya watafiti. Kombe huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, likaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa: maandishi yaliyokusudiwa kuyeyuka. Hirizi huandikwa, ikakunjwa, ikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa: maandishi yaliyokusudiwa yasisomwe na binadamu. Daftari la mganga huwekwa mbali na macho ya watu na kurithiwa na mwana au mwanafunzi mmoja. Utenzi hutungwa usikike. Maandishi haya yalitungwa yanywewe, yavaliwe au yafichwe. Hifadhi za hati zikiwa na tenzi nyingi na talasimu chache, hilo halithibitishi kwamba talasimu zilikuwa chache.

Penye uhaba wa karatasi, lugha yenyewe ni shahidi. Siri, talasimu, hirizi, azima, falaki, ramli, nuhusi na ruhani ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu pamoja na elimu hii na zinazofanana nayo, yakapata unyambuaji na ngeli za Kiswahili. Kutokana na azima mtu huazimu pepo. Ramli hupigwa, ingawa asili yake ni mchanga tu. Kiswahili kilikuwa tayari na neno lake la siri inayofundishwa, yaani kunga, na maneno hayo mawili yamegawana kazi: kunga ilibaki katika mafunzo ya midomo, hasa ya somo na mwari, na siri ikachukua yale ya vyuoni. Katika Kiamu chuo ni kitabu, na mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Mganga aitwaye wa kitabu ametengwa na mganga wa mitishamba kwa neno hilo moja, hata kama wote wawili humtibu mgonjwa yule yule.

Hata tahajia ya Kiswahili imeguswa na jambo hili. Mwandiko wa Kiarabu hauna herufi ya p, na wanakili wa zamani waliandika ba mahali pake. Jina Kupona, likiandikwa kwa desturi hiyo bila ya irabu ndefu, ni kafu, ba na nuni: 20, 2 na 50, jumla 72. Likiandikwa kwa wau mbili na alifu mwishoni, jumla ni 85. Tofauti ni 13, nayo, jina la mama liwe lolote, huisogeza nyota kwa hatua moja. Hapo swali la namna ya kuandika irabu, ambalo mwanaisimu hulitazama kama suala la fonolojia, lilikuwa kwa mganga suala la nyota ya mtu, na labda la ndoa au safari yake. Mwalimu Sikujua wa Mombasa katika karne ya 19, na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) baada yake, walipotengeneza mwandiko wa Kiarabu ufae sauti za Kiswahili, waligusa mpango ambao wengine walikuwa wakiuhesabu.

Upinzani haukukosekana. Sheikh al-Amin, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwataka Waislamu wa pwani waache bidaa na washike elimu yenye manufaa. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968, aliiendeleza njia hiyo. Haifai kazi ya historia iamue baina yao na wapinzani wao. Inafaa itambue matokeo: karatasi ambayo kizazi kimoja kiliirithi kama amana, kizazi kingine huiona aibu, na karatasi ya aibu haipelekwi maktabani.

Katika miaka ya 2010 hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha za kidijitali ili zihifadhiwe na kusomwa popote. Hiyo ni kazi kubwa ya kushukuriwa. Lakini msikiti na chuo chake huhifadhi yale ambayo msikiti huyafundisha: sheria, sarufi, tasawufi, maulidi. Madaftari ya siri yamo majumbani, ndani ya makasha, na unyevu na mchwa wa visiwani haviulizi iwapo kilichoandikwa ni halali au haramu. Mwanachuoni anayekusudia kuandika historia kamili ya maandishi ya Kiswahili hana budi kujifunza abjadi kama anavyojifunza mizani ya utenzi, na kumhakikishia mwenye daftari kwamba kusomwa si kufedheheshwa. Asipofanya hivyo, atakuwa na nusu ya maktaba ya Lamu mikononi mwake huku akidhani ni maktaba nzima.