Uwanja wa Baiskeli Uliogeuka Jela

Kuna jengo moja ambalo siachi kulifikiria, na halipo tena. Vélodrome d'Hiver, uwanja wa ndani wa mbio za baiskeli, ulifunguliwa Paris mwaka 1910, karibu na mnara wa Eiffel. Njia yake ya mbao ilikuwa na mzunguko wa mita 250, na kwenye kona iliinuka kama ukuta ili mwendeshaji akija mbio asirushwe nje. Paa la vioo liliingiza mwanga. Mashabiki walijaa kutazama mashindano ya siku sita, usiku na mchana. Raha tupu!

Sasa hebu litazame kwa jicho la askari: viti vya maelfu, paa juu, milango inayofungika. Julai 1942, Ufaransa ikiwa mikononi mwa Wanazi, polisi wa Ufaransa wenyewe waliwakamata Wayahudi zaidi ya 12,000 jijini na vitongojini. Kama 8,000 hivi, wakiwemo watoto zaidi ya 4,000, walifungiwa humo siku kadhaa. Vioo vilikuwa vimepakwa rangi ili ndege za vita zisione taa. Joto kali, maji shida, vyoo havitoshi. Kisha wakapelekwa kambini, na hatimaye Auschwitz. Wachache mno walirudi.

Jengo lilibomolewa 1959. Rais Jacques Chirac alikiri hatia ya Ufaransa mwaka 1995. Ilichukua miaka 53 rais kutamka kwamba walioshika funguo walikuwa polisi wao.