Kiziwi ni Nani?

Kiswahili hakijawaonea huruma wasiosikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Kusikia ni kutii, na kutosikia ni ukaidi. Mimi nilianza kupoteza usikivu nikiwa na miaka 52, hapa Machakos. Nikikosa kujibu salamu sokoni, watu wanasema eti nina maringo. Hayo nimezoea. Kinachonisumbua ni swali lingine: mimi sasa ni kiziwi, ama ni mzee tu ambaye masikio yake yamechoka?

Historia ya mji huu inanisaidia kulijibu. Shule za kwanza za viziwi nchini, kama zile za Mumias na Nyang'oma, zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu watoto walifundishwa kutamka na kusoma midomo; ishara walibaki nazo bwenini na uwanjani. Shule ya Viziwi ya Machakos ilipoanza mwaka 1986, ikawa miongoni mwa za kwanza kuziingiza ishara darasani. Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, kuwa lugha rasmi za Bunge.

Yaani watoto wale waliunganishwa na lugha. Hakuna aliyewapima masikio kwanza kabla ya kupiga nao soga bwenini.

Na mlango huo haukufungiwa waliochelewa. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alizaliwa akisikia, akawa kiziwi akiwa na miaka 11. Kuanzia Ghana mwaka 1957 alianzisha shule za viziwi zaidi ya 30 barani Afrika, hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987.

Lakini wacha niseme ukweli: mimi si mtoto wa miaka 11. Vidole vyangu ni vizito, na ndoto zangu bado zinaongea Kikamba. Siwezi kudai utoto wa bwenini ambao sikuupitia. Kati ya viziwi, jina la ishara mtu hajipi. Hupewa na viziwi wenyewe, wakishamjua. Mimi bado sijapewa langu. Kila Jumamosi naenda kukaa nao, najifunza.