Vijana Waliohama na Kumbukumbu Zao: Mfano wa Nyanza ya Kusini

Nchi ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori ilikuwa, katika enzi ya ukoloni, sehemu ya Nyanza ya Kusini. Kodi iliyodaiwa kwa fedha iliwasukuma vijana wake kutoka, wakaenda kwenye chai ya Kericho, mkonge wa Thika, reli, na bandari ya Mombasa. Swali letu ni hili: habari zao zilihifadhiwa wapi?

Chanzo cha kwanza ni maandishi. Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alitoa kitabu Luo Kitgi gi Timbegi kwa lugha ya Kijaluo. Kitabu hicho ni hazina. Lakini, kama jina lake lionyeshavyo, shabaha yake ni mila na desturi, si safari ya kibarua.

Chanzo cha pili ni mdomo. Katika ngoma ya nyatiti, yaani kinubi cha nyuzi nane, na baadaye katika benga, kuna desturi iitwayo pakruok. Msikilizaji humtuza mwimbaji, wimbo hukatizwa, naye hujigamba akitaja jina lake, ukoo wake na kwao. Hapo ndipo aliyerudi na mshahara alipotangaza cheo chake kipya mbele ya jamaa. Pakruok, basi, ni ushahidi wa historia. Ila ni ushahidi unaonunuliwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa waliopata sifa. Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, alikofanya kazi baba yake. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa walioandaa safari ya wanafunzi 81 kwenda Marekani. Maisha yake yameandikwa sana. Je, wale waliokata mkonge pamoja na baba yake?

Hapana budi, basi, masimulizi yakusanywe vijijini, kwa lugha ya wasimulizi, na wanajamii wenyewe wakiwa waulizaji. Aidha, aulizwe kwanza yule aliyerudi bila kitu, maana wazee hao wanapungua kila mwaka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nasi twaona kwamba haukuimbwa wala haukuandikwa.