Mtoto Mgonjwa na Mamaye

Mwaka jana katika darasa langu hapa Segerea alikuwako mtoto wa miaka saba aliyepatwa na homa kali ya malaria. Akalazwa hospitali, akapona, akarudi shuleni. Mwili ulikuwa mzima, lakini alikaa kimya kutwa, na kila mtu alipopita mlangoni aliinua macho kutazama kama ni mamaye. Mimi nilidhani anadeka, nikamkemea mbele ya wenziwe. Nilikosa. Ndipo nikaanza kutafuta habari za jambo hili, nikaona kwamba mabingwa wa uganga walikwisha kukosa kabla yangu, na ya kuwa sehemu ya mafundisho yao waliyapata kwa akina mama wa Afrika.

Katika mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, jina lake Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Aliona watoto wadogo waliovimba miguu na nyuso, ngozi zimebambuka, nywele zimekuwa nyekundu. Hakujitungia jina la ugonjwa huo. Alilichukua kwa akina mama wa kabila la Ga, walioujua tangu zamani. Ndilo hili tunalolitamka sisi kwashakoo, na maana yake ni maradhi yampatayo mtoto azaliwapo mdogo wake. Daktari Williams akalichapisha jina hilo mwaka 1935, akadokeza kwamba huenda chanzo ni kukosa chakula cha kujenga mwili mtoto aachishwapo ziwa. Tazameni busara ya wale akina mama! Hawakuuita ugonjwa kwa uvimbe wala kwa nywele, bali kwa habari ya mtoto aliyeondolewa mahali pake. Nasi watu wa pwani tuna neno letu, kubemenda. Nalo huwatupia wazazi lawama isiyo haki, lakini angalau lashuhudia kwamba wazee wetu waliona afya ya mtoto imefungamana na mambo ya nyumbani.

Huko Uingereza siku zile mambo yalikuwa kinyume. Mtoto alipolazwa, wazazi waliruhusiwa kumwona saa chache tu, na penginepo hawakuruhusiwa kabisa, kwa kuwa wauguzi waliona kwamba mtoto hulia wazazi waondokapo. Asipowaona hutulia. Basi mwaka 1952 bwana mmoja wa London, James Robertson, alitoa sinema ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa ngiri ya kitovu. Mtoto yule hakupiga kelele sana. Alijikaza, akanyamaza, akazidi kuwa mbali na mamaye. Robertson akasema kwamba ukimya ule si utulivu, ni kukata tamaa. Madaktari wengi walioitazama mara ya kwanza walikasirika, wakaona wamesingiziwa. Hata hivyo, mwaka 1959 kamati ya serikali yao ilishauri wazazi waruhusiwe kuingia wakati wowote, na mama wa mtoto mdogo alazwe pamoja naye. Mama wa Kiafrika aliyetandika mkeka wake kando ya kitanda cha mwanawe hakungojea kamati. Lakini nisitusifu kupita kiasi. Mara nyingi tulikaa wodini kwa sababu wauguzi ni wachache, wala hatukujua kwamba kukaa kwetu ni dawa.

Katika wale waliofanya kazi pamoja na Robertson alikuwamo Mary Ainsworth, aliyekuja Kampala mwaka 1954. Alizitembelea nyumba 26 za vijiji vya karibu, akikaa sebuleni na kutazama watoto wachanga pamoja na mama zao. Aliona kwamba mtoto mwenye hakika na mamaye ndiye awezaye kumwacha, akaenda kuchezea vitu vya mbali, kisha akarudi. Habari hizo alizitoa katika kitabu mwaka 1967. Wakati huo huo, katika hospitali ya Mulago, daktari Marcelle Geber aliyetoka Ufaransa na mwenziwe Dean waliwachungua watoto wa kwashakoo. Katika Buganda ilikuwako desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake ili asahau ziwa. Hata kwetu wako wengi waliolelewa hivyo. Mwaka 1956 waliandika kwamba upungufu wa chakula si jambo la kutazamwa peke yake: mtoto atengwapo ghafula na mamaye huzuni humpata, na mwenye huzuni hukataa hata kile chakula kidogo kilichopo. Mwaka 1965 Mulago wakafungua nyumba ya Mwanamugimu, ambako mama hukaa na mwanawe mgonjwa, akajifunza kumpikia ndizi au viazi pamoja na maharage, karanga au samaki, na mtoto akapona mikononi mwa mamaye mwenyewe.

Nilipokwisha kusoma hayo nilimwita mama wa yule mtoto. Akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa na kichanga nyumbani, wifi yangu ndiye aliyelala naye hospitali. Mimi nilikwenda mara mbili tu, na mara zote mbili niliondoka amelala, ili asilie."

Tukapatana kwamba asiondoke tena kwa kunyatia. Kila asubuhi alimleta mpaka langoni, akamwambia saa atakayorudi, akairudia saa ile ile. Babaye naye akaanza kumchukua siku za Ijumaa. Wiki tatu za kwanza sikuona badiliko, nikavunjika moyo. Katika wiki ya sita akaomba kufuta ubao. Sasa anasoma na kucheza kama wenziwe. Lakini kule kumkemea nilikufanya mbele ya darasa zima, na radhi nimemwomba faraghani tu. Nitamwomba mbele yao shule zikifunguliwa.