Maziwa ya mama yaliyokamuliwa: namna ya kuyatunza nyumbani

Katika makanisa yetu ya Baraka na Fizi, mama wengi huacha mtoto mchanga kwa nyanya asubuhi wakaenda shambani au sokoni. Mtoto akilia hupewa maji au uji, hata kabla ya miezi 6, na mama akirudi huambiwa kwamba maziwa yaliyoshinda juani yameharibika. Sivyo. Ndani ya titi maziwa hayaharibiki. Wanyanya wa kanisa walisikie hili kwanza, maana nyumbani neno lao hupita mahubiri yetu.

Hatari huanzia nje: mikono, chombo, na maji yaliyoosha chombo. Kolera imerudi mara nyingi kwetu kandokando ya ziwa Tanganyika, na bado kikombe cha mtoto husuuzwa kwa maji hayohayo ya ziwa au ya mto. Kikombe kinachong'aa chaweza kubeba bakteria.

Basi mama anawe mikono kwa sabuni kabla ya kukamua. Chombo kiwe na mdomo mpana na kifuniko, kioshwe kwa sabuni, kichemshwe dakika 5, kikauke chenyewe bila kupanguswa. Biberoni tuiache, kwa sababu chuchu yake huficha mabaki. Hata mtoto wa siku chache huweza kunywa kwa kikombe kidogo.

Pasipo frigo, maziwa yakae kivulini, yamefunikwa, yanywewe ndani ya saa 4. Baraka ni joto, tusizidishe. Yaliyokamuliwa saa kumi na mbili asubuhi, mwisho wake ni saa nne. Baada ya hapo mama arudi, au mtoto apelekwe kwake. Katika frigo hukaa siku 4, lakini frigo inayozimika usiku kucha tusiihesabu.

Mafuta yakipanda juu, maziwa hayajaoza, yatikiswe polepole. Yasichemshwe: kikombe kiwekwe tu ndani ya maji ya vuguvugu. Mabaki aliyoacha mtoto yamwagwe baada ya saa 2, ijapokuwa inauma.

Huko shambani mama akamue pia, hata kama ni kumwaga chini, ili maziwa yasipungue. Na mtoto akianza kuhara, aendelee kunyonya, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.